Maswali ya Wasomaji: Kujitolea Muizenberg kwa Watoto wa Mawimbi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja. Afrika Kusini kuna miradi inayowachukua watoto wa mitaa ya mabanda, ikawafundisha kuteleza mawimbini wakiwa wamesimama juu ya ubao, ikawasaidia masomo ya shule, na ikawapa mtu mzima wa kumweleza yanayowasumbua. Wasomaji wetu wanataka kwenda kujitolea huko. Tumejibu kwa kuutazama ufuo mmoja, Muizenberg, kusini mwa jiji la Cape Town, kwa kuwa shughuli hii imekomaa pale.

Nina miaka 23, naogelea tangu utotoni, lakini sijawahi kupanda ubao. Je, watanichukua niwafundishe watoto? (Msomaji, Kilifi)

Kuwafundisha, hapana, na hata ungekuwa hodari wa ubao jibu lingebaki hilo. Waves for Change, mradi unaojulikana zaidi pale, ulianza mwaka 2009 kama klabu ndogo ya watoto wa Masiphumelele, mtaa wa mabanda wa Cape Town. Makocha wake ni vijana wa mitaa hiyohiyo wanakotoka watoto, wamefunzwa na wanalipwa. Huo ndio uti wa mgongo wa kazi yenyewe. Mtoto aliyemzoea kocha anayekaa mtaa wa pili humkuta tena Jumamosi dukani, na mwaka ujao bado yupo. Mgeni huondoka. Mradi unaomweka mgeni wa wiki mbili mahali pa kijana wa pale unamnyima kijana ajira na unamwachisha mtoto mtu aliyeanza kumwamini.

Kazi za mgeni zipo, tena si haba: kushikilia ubao majini, kuhesabu watoto ukiwa ufuoni, kutengeneza vifaa, kusomesha vikundi vya jioni, kuweka hesabu na kumbukumbu, kuandika maombi ya fedha. Ukiandika barua ya kuomba, usianze na unachotamani kufanya. Uliza wanapungukiwa mikono wapi, kisha useme unajua nini katika hilo. Jitolee miezi 3 au zaidi. Wiki za kwanza utakuwa unajifunza majina, na aliyekuja kwa wiki tatu huondoka akiwa ndiyo kwanza anaanza kufaa.

Wakati unasubiri majibu, jipime hapo Kilifi. Ogelea mita 400 za bahari bila kusimama, kisha mvute mwenzako aliyelegea kwa mita 50 huku mdomo wake ukibaki juu ya maji. Ukishindwa la pili, bado hujawa tayari kuingia na watoto. Chukua pia kozi ya huduma ya kwanza yenye mazoezi ya kufufua moyo na mapafu, kwa Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, na cheti kiwe hakijapitwa na muda siku ya safari.

Binti yangu wa miaka 20 amepata wakala anayemtoza pesa nyingi ili "ajitolee" huko. Nitajuaje kama ni kweli, na anahitaji karatasi gani? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Mama, anza na usajili. Mashirika yasiyo ya faida ya Afrika Kusini yanayojiandikisha kwa Idara ya Maendeleo ya Jamii hupewa namba inayomalizika kwa herufi NPO. Omba namba ya mradi wenyewe, siyo ya wakala, kisha mwandikie mradi moja kwa moja na uulize kama wanamfahamu wakala huyo na wanapata kiasi gani katika pesa anazotoza. Mradi safi hujibu swali hilo bila kuzunguka. Kutozwa pesa peke yake si dalili ya utapeli, maana chumba, chakula na suti ya baharini vina gharama. Dalili mbaya ni pale wasipotaka cheti cha polisi, wasipouliza anajua nini, na wakiwa tayari kumpokea tarehe yoyote kwa siku zozote.

Karatasi zenyewe: tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika mwaka. Mtanzania naye huingia bila viza kwa siku 90. Ruhusa hiyo ni ya matembezi. Kwa kazi ya kujitolea inayozidi miezi mitatu ipo viza yake ya wageni, na huombwa nyumbani kabla ya safari kwa barua ya shirika linalomwalika. Hata akikaa siku 60 tu, aandike ubalozini aeleze atafanya nini hasa, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kununua tiketi. Tusingependa binti aseme dirishani "nimekuja kutalii" huku barua ya mradi iko mkobani. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kutumika angalau siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka.

Cheti cha tabia njema anakiomba kupitia eCitizen, kisha anakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Aanze mapema, maana karatasi hii ndiyo huchelewesha wengi. Akifika, mradi unapaswa kulichunguza jina lake katika orodha ya kitaifa ya watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto, iliyowekwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2005. Wasipoligusia hilo kabisa, arudi nyumbani. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Akiwa ameshachanjwa zamani, kadi hiyo hudumu maisha yote.

Nasikia maji ya kule ni baridi na papa ni wengi. Ukweli ni upi? (Msomaji, Unguja)

Papa wapo katika ghuba ya Muizenberg, na kuna watu wanaolipwa kuwatafuta. Tangu 2004 kikosi cha Shark Spotters huketi kwenye mteremko wa mlima juu ya Muizenberg na darubini, na ufuoni hupandishwa bendera. Kijani: maji yanaonekana vizuri na hakuna papa. Nyeusi: hakuna aliyeonekana, ila mwanga au maji machafu yanazuia kuona. Nyekundu: tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa mweusi, pamoja na king'ora: papa yupo, tokeni sasa hivi. Pasipo bendera hakuna anayeangalia. Kwa watoto, tungeingia chini ya kijani, na chini ya nyeusi tungebaki kwenye maji ya magoti au tukacheza mchangani. Kuna miradi inayowaruhusu watoto kuingia chini ya nyeusi. Fuata kanuni ya mradi uliko, lakini ijue kabla hujavaa suti.

Baridi ndiyo hukusumbua kila siku. Unguja umezoea maji ya nyuzi 26 hadi 30. Muizenberg wakati wa joto ni kama 18 hadi 22, na kati ya Juni na Agosti hushuka hadi 13 au 16. Suti ya mpira ya milimita 3 kifuani na 2 mikononi inatosha wakati wa joto, na wakati wa baridi chukua ya 4 kwa 3. Unene hauna maana kama suti ni kubwa. Suti huruhusu maji machache kuingia, mwili ukayapasha moto. Ikipwaya mgongoni, kila wimbi linayafukuza maji ya moto na kuleta mapya ya baridi. Ukiweza kuikunja suti ya mtoto mgongoni ikajaa konzi, mtafutie ndogo zaidi.

Wakati wa baridi dakika 45 zinatosha. Mtoto anayetetemeka anaonya. Anayeacha kutetemeka huku maneno yakimponyoka na vidole vikishindwa kufunga kamba, huyo tayari ana hatari: mtoe, ita msaada wa matibabu, mvue suti, mfunike blanketi kavu na kofia, na umpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa tu yuko macho na anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu.

Jambo moja litakushangaza wewe uliyezoea bamvua. Kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 siku za bamvua, na kule hayafiki hata mita 2. Hata hivyo maji yakijaa, mawimbi hufika kwenye ukuta wa ufuoni na kurudi kwa nguvu, na wanaoanza huumizwa na mbao zinazorushwa. Tazama jedwali la maji kama unavyotazama nyumbani.

Nafundisha michezo shule ya sekondari. Kipindi cha watoto majini huendeshwaje hasa, na makosa hutokea wapi? (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu, kabla ya suti kuvaliwa, simameni dakika kumi mkiitazama bahari. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na aliyefika akatazama dakika moja anaweza kuangukia kimya cha katikati akadhani bahari imelala. Tafuta pia mkondo unaorudi baharini: ni ule mpenyo ambao mawimbi hayavunjiki, maji yake yana rangi nzito au yamechanganyika na mchanga, na povu linaelea kuelekea kilindini. Watoto wengi hukimbilia hapo kwa kuwa panaonekana patulivu.

Chomeka bendera mbili mchangani, mita 50 kati yake. Huo ndio uwanja. Maji yatawasukuma pembeni bila wao kujua, kwa hiyo kila mtoto achague alama ya nchi kavu, kwa mfano kimoja cha vile vibanda vya rangi vya Muizenberg, na kikihama mbele ya macho yake atoke, atembee ufuoni, aingie tena. Kina kisizidi kiuno cha mtoto mfupi kuliko wote. Kocha mmoja kwa watoto wanne, na kwa wanaogusa bahari mara ya kwanza mmoja kwa wawili. Shule nyingi za biashara hufika hadi wanane kwa kocha mmoja, lakini wale ni wateja waliokuja na wazazi wao. Mtu mzima mmoja abaki nchi kavu bila kazi nyingine ila kuhesabu, kila dakika kumi, kwa rangi za fulana, na idadi aiandike. Filimbi moja: nitazame. Mbili: tokeni nyote. Anayekwenda chooni anasema kwa mhesabuji, na mhesabuji anaandika. Hesabu nyingi zinazopotea hupotelea chooni na kwenye gari la kurudi, siyo majini.

Ubao uwe wa sponji, futi 7 kwa mtoto wa kilo 30 hadi 45, futi 8 kwa mkubwa. Kamba hufungwa kifundo cha mguu utakaobaki nyuma. Ukitaka kuujua, msukume kidogo mgongoni bila kumwambia: mguu anaoutanguliza ndio wa mbele. Mazoezi ya kusimama mchangani yatoshe mara tano au sita. Makocha wapya huyarefusha hadi watoto wanachoka kabla ya kulowana.

Majini, simama ubavuni mwa ubao karibu na mkia, uso wako ukitazama wimbi linalokuja, pua ya ubao ikielekea ufuoni. Ubao usikae hata mara moja kati ya mwili wako na wimbi, maana povu la kimo cha goti linatosha kuupiga kwenye meno yako. Usizungushe kamba mkononi. Ngoja povu liinue mkia, ndipo usukume taratibu na kuachia. Ukisukuma mapema, ubao unasimama na wimbi linaupanda. Mbao mbili zisikaribiane chini ya mita 4. Anayeanguka aanguke ubavu au chali, amejitandaza, asitangulize kichwa, na akiibuka mikono iwe imezunguka kichwa mpaka ajue ubao wake uko wapi.

Asiyefaulu kusimama mara nyingi amelala vibaya. Akikaa nyuma mno, pua hupanda, ubao husukuma maji na wimbi humpita chini. Akikaa mbele mno, pua huzama na yeye hupinduka. Alale ukiwa umeushika ubao kwenye maji tulivu, umsogeze mpaka pua ibaki kama sentimita 5 juu ya maji, kisha ubandike utepe kidevu kilipofika. Kuanzia hapo hahitaji kukumbuka.

Wengine wanalala vizuri, wanasimama, na wanaanguka papo hapo. Hao wanatazama miguu yao. Hapa maneno "tazama mbele" hayasaidii. Mwambie kocha wa ufuoni ainue vidole, na mtoto akisimama apige kelele ni vingapi. Utaona mgongo unanyooka wenyewe, magoti yanalegea, na mtoto aliyekuwa akianguka saa nzima anafika mpaka mchangani akipiga kelele "vitatu!"

Mimi ni fundi wa boti za faiba. Ujuzi wangu utafaa? (Msomaji, Lamu)

Sana, ndugu fundi, na pengine utapata nafasi kabla ya wote walioandika. Mbao zilizotoboka ndizo zinazopunguza idadi ya watoto wanaoingia majini. Lakini usiende na mazoea ya boti. Resini ya poliesta uliyoizoea inafaa kwa ubao wenye moyo wa poliuretani, na ukiimwaga kwenye moyo wa poliestirini inauyeyusha ukabaki pango. Chungulia ndani ya tundu. Ukiona chembe za duara kama zile za sponji nyeupe linalofungia televisheni, tumia epoksi tu. Ukiona unga laini, poliesta inaruhusiwa. Usipokuwa na hakika, epoksi inafaa kwa zote mbili.

Maji yaliyoingia yatoke kwanza. Simamisha ubao kivulini, tundu likiwa chini, kwa siku kadhaa. Ukiziba maji ndani, jua litayapasha moto na gamba litavimba. Piga msasa namba 80 sentimita 3 kuzunguka tundu, tumia kitambaa chepesi cha faiba na uache ule mkeka mzito wa boti, malizia na namba 120 na kuendelea. Kigumishi cha poliesta kisizidi mililita 2 kwa kila 100. Kikizidi, resini hupata joto na kupasuka.

Kazi nyingine ambayo hakuna anayeikumbuka ni vile vijikamba vinavyounganisha kamba ya mguuni na mkia wa ubao. Kijikamba kisifike ukingoni, kwa sababu mvutano utaifanya kamba ikate ukingo kama msumeno. Vikague kila Ijumaa, na kamba yenye mkato hata wa ukucha itupwe. Suti nazo zisuuzwe kwa maji ya bomba na zianikwe kivulini zikikunjwa kiunoni. Zikitundikwa mabegani huvutika, na hapo mmerudi kwenye tatizo la suti zinazopwaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na siogelei. Kuna nafasi yangu? (Mwalimu, Tanga)

Ipo, na ni kubwa kuliko unavyodhani. Katika mtihani wa kimataifa wa kusoma wa PIRLS mwaka 2021, asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne Afrika Kusini hawakuweza kusoma na kuelewa. Sababu mojawapo wewe unaijua vizuri. Kwa miaka mingi watoto wengi wa huko wamesoma kwa Kixhosa au lugha nyingine ya nyumbani mpaka darasa la tatu, kisha darasa la nne masomo yakageuka Kiingereza, kama wanafunzi wako wanavyokutana na Kiingereza wakiingia kidato cha kwanza. Umeshawaona watoto wanaonakili ubao mzima bila kuelewa sentensi moja. Mgeni wa Ulaya hajawahi kuwaona.

Chakula kitangulie, mkate na ndizi vinatosha, maana mtoto aliyetoka shule saa nane na njaa hasomi. Kisha dakika 40 za kusoma, watoto wanne kwa mtu mzima, kitabu kimoja kifupi. Kila mmoja asome ukurasa kwa sauti, na mwenzake aeleze kilichotokea kwa lugha ya nyumbani. Usisahihishe kila kosa. Sahihisha lile linalobadilisha maana. Hapo utahitaji kocha wa pale akae nawe, na huo ndio mpango mzuri, kwa sababu ukiondoka atakuwa anajua kukiendesha kikundi.

Bahari isifanywe adhabu. Kuna wanaomzuia mtoto kuingia majini kwa kuwa hakumaliza kazi ya nyumbani. Asiyemaliza kazi ya nyumbani mara nyingi ndiye mwenye nyumba isiyotulia, na kumwondolea saa moja ya furaha ni kumfukuza kwa upole. Akikueleza jambo zito, msikilize, usimhoji, usimwahidi siri. Andika maneno yake siku hiyohiyo jinsi alivyoyasema, na umkabidhi anayehusika na ulinzi wa watoto katika mradi.

Naruhusiwa kupiga picha na kuweka mtandaoni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Simu ibaki kwenye begi. Picha za mradi hupigwa na mtu aliyeteuliwa, kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Mtoto anayejulikana kuwa yuko katika mradi kwa sababu ya aliyoyapitia hatakiwi kuonekana uso na marafiki zako 2,000. Pia usitoe zawadi kwa mtoto mmoja, usibaki naye peke yenu chumbani au garini, na namba yako asiwe nayo.

Niende mwezi gani? (Msomaji, Bujumbura)

Oktoba hadi Machi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu mchana, na mchana ndio muda ambao watoto wametoka shule, kwa hiyo vipindi vingi huvurugika. Juni hadi Agosti upepo wa kaskazini-magharibi huyanyoosha mawimbi vizuri, ila mvua na baridi hupunguza mahudhurio. Aprili na Mei upepo umetulia na maji hayajapoa sana, na muhula wa pili wa shule huanza Aprili. Fika wiki moja kabla haujafunguliwa, ukutane na makocha kabla hujakutana na watoto.